Titonia: Mbolea Iliyosimama Mpakani

Ukitoka Butembo kwa njia ya Maboya kwenda Beni, kuna mmea unaokusindikiza kando ya barabara karibu safari nzima. Umesimama mipakani mwa parseli, nyuma ya vyoo, juu ya mifereji na katika mashamba yaliyolazwa. Jani lake pana limegawanyika vidole vitatu hadi vitano, ua lake la njano ni la alizeti ndogo, na ukivunja kijiti chake harufu inabaki mkononi mpaka unawe kwa sabuni. Mabwana shamba wanauita titonia. Wengine husema alizeti mwitu, na hawakosei sana, maana ni ukoo mmoja na alizeti, na pia ni ukoo mmoja na kile kishona nguo kinachokung'ang'ania suruali ukipita palizini.

Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Uliletwa Afrika kwa ajili ya maua na uzio, ukatoroka bustanini, na leo uko kila mahali penye mvua ya kutosha. Huku kwetu mvua huja mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo unabaki kijani karibu miezi yote na kupanda hadi mita mbili au tatu usipoukata.

Nimesikia ukisifiwa kupita kiasi. Mafunzoni huelezwa kuwa ni mbolea, ni dawa ya wadudu, ni chakula cha mbuzi, ni dawa ya malaria na ni ulinzi dhidi ya mmomonyoko. Mtu akirudi nyumbani na sifa zote hizo kichwani hajui aanzie wapi, basi haanzi. Mimi nitakuomba uanze na moja: utumie titonia kama mbolea ya bustani iliyo karibu na mlango wako. Hapo haina mpinzani kwa bei. Kazi nyingine zipo, na nitazitaja, lakini ni za pembeni. Na moja kati ya hizo nitakuomba uiache kabisa.

Nasema bustani ya karibu kwa sababu unazozijua. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafungia watu wengi njia ya mashamba ya mbali. Familia iliyokuwa na kakao na mihogo ng'ambo ya Oicha au Mbau leo inalima kipande nyuma ya nyumba, au kona ya kuazima kwa ndugu mjini. Butembo nako, hata mahali ambapo bunduki haijasikika, ardhi imegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka kila mmoja amebaki na tambara. Zamani shamba lililochoka lililazwa miaka kadhaa likajirudishia nguvu. Kipande cha mita kumi kwa kumi huwezi kukilaza, kwa sababu ukikilaza hamli. Kinapandwa lengalenga, kinang'olewa, kinapandwa puaro, kinang'olewa, na kila mavuno yanabeba kitu kutoka kwenye udongo ambacho hakuna anayekirudisha. Mbolea ya dukani ipo, inapitia Kasindi kutoka Uganda, lakini bei yake inafuata dola na hali ya barabara, na mama anayeuza mafungu ya mboga sokoni hana uwezo wa kuikimbiza.

Sasa tuone kilichomo ndani ya jani. Utafiti mkubwa ulifanyika magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990, kwenye mashamba ya watu wa Maseno na jirani zake, ukiongozwa na kituo cha kilimo mseto cha ICRAF pamoja na taasisi za serikali za misitu na kilimo. Bashir Jama na wenzake walikusanya matokeo hayo mwaka 2000. Walikuta kwamba majani ya titonia yakikaushwa yana nitrojeni kama asilimia 3.5, fosforasi asilimia 0.37 na potasiamu asilimia 4.1. Kwa jani la mmea usio wa jamii ya kunde, hizo ni namba nzito. Tena jani lenyewe ni laini, halina nyuzi ngumu nyingi, kwa hiyo likizikwa penye unyevu linaoza upesi na nusu ya nitrojeni yake inaachiwa ndani ya wiki moja hivi.

Namba hizo tuzilete kwenye tuta. Kipimo kilichotumika sana katika majaribio yale ni tani 5 za majani makavu kwa hekta. Jani bichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo kwa tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 unahitaji kilo 25 hadi 30 za majani mabichi. Hapo utakuwa umeweka gramu 175 za nitrojeni, karibu sawa na kilo 1 ya NPK ya 17-17-17. Potasiamu utakuwa umeizidi hiyo kilo ya dukani. Fosforasi hutaifikia: utapata kama robo yake tu. Ikumbuke robo hiyo, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama, na nitairudia.

Namba hizohizo zinakuonyesha mwisho wa mmea huu. Kama tuta moja linakula kilo 30, hekta nzima inataka tani 25 hadi 30 za majani mabichi. Nani atazikata? Nani atazibeba, hata kwa chukudu? Kenya waliliona hilo mapema: kwa mahindi, kazi ya kukata na kubeba ilimeza faida yote, lakini kwa sukuma wiki na mboga nyingine za kuuza, hesabu ilikubali. Kwa hiyo mtu akikuambia utajaza titonia kwenye shamba la mihogo, mwache ajaze la kwake kwanza. Wewe peleka majani kwenye kabichi, puaro, vitunguu, nyanya, lengalenga na pilipili, vitu ambavyo fungu lake lina bei na tuta lake liko hatua chache kutoka kwenye uzio.

Kuna namna ya kukata. Chukua majani pamoja na ncha laini za matawi, zile zinazovunjika kwa vidole bila kisu. Kijiti kilichokwisha kuwa na mti ndani kiache kando. Kinaoza polepole, na kinapooza kinanyonya nitrojeni badala ya kuitoa. Kata kabla mmea haujachanua. Baada ya maua, nguvu ya jani imeshapungua, na mbegu zikikomaa utazipanda bila kutaka kwenye tuta lako mwenyewe. Acha visiki vya urefu wa goti ili vichipue tena. Wakati wa mvua uzio mzuri unaweza kukatwa kila baada ya miezi miwili au mitatu. Uzio wako unatoa kiasi gani? Usiulize kitabu. Kata mita kumi, funga mzigo, upime kwenye mizani ya muuza kahawa, nawe utajua unaweza kulisha matuta mangapi. Watu wengi wakipima hugundua kwamba walitaka kulisha matuta kumi na uwezo wao ni mawili. Bora mawili yaliyoshiba kuliko kumi yaliyonusishwa.

Na panga lako uliangalie. Ikiwa uzio uko karibu na migomba, usikate titonia kwa panga ulilokatia mgomba kisha ukarudi nalo kwenye mgomba mwingine. Ugonjwa wa mnyauko wa bakteria wa migomba uko Kivu ya Kaskazini tangu 2001, na chuma ndicho farasi wake mkubwa. Pitisha panga motoni kwanza.

Majani yakishakatwa, yasilale juani. Jua linayakausha na sehemu ya nitrojeni inapotea hewani. Yakatekate vipande vya urefu wa kidole cha mwisho, chimba tuta kina cha kiganja, tandaza, funika kwa udongo, mwagia maji kama mvua haijanyesha. Kisha ngoja. Watu hawapendi kungoja, lakini hapa ni lazima. Jani bichi linapooza hutoa joto, na majimaji yake yana vitu vinavyozuia mbegu kuota. Ukipanda mbegu siku ileile, nusu yake hutaiona. Kwa miche wiki moja inaweza kutosha. Kwa mbegu ndogo kama za lengalenga na karoti, ngoja wiki mbili.

Kwa kabichi nina kipimo rahisi: siku unapoona miche kitaluni imetoa majani mawili au matatu ya kweli, hiyo ndiyo siku ya kukata titonia. Itakapofika kuhamishwa, chakula kitakuwa tayari. Ukitaka kuhakikisha, fukua kidogo kwa mkono baada ya wiki. Utakuta jani limegeuka utando mweusi unaoteleza kati ya vidole, vijiti vimebaki mirija mitupu, na ile harufu kali ya uchungu imeondoka, imebaki ya udongo wa msituni baada ya mvua. Kama bado jani ni la kijani na linanuka kama lilivyokatwa, udongo wako ni mkavu mno au umefukia donge zima bila kulikatakata.

Puaro na vitunguu hukaa ardhini miezi kadhaa, na mbolea hii inaisha upesi. Kwa hivyo viongezee mara ya pili kati ya mistari, mwezi mmoja baada ya kuhamisha miche: majani yaliyokatwakatwa, mbali kidogo na shina, udongo juu. Hapo hakuna hesabu ngumu.

Turudi kwenye ile robo ya fosforasi. Udongo mwekundu wa vilima vya Butembo na Lubero una uchachu, na chuma na alumini iliyomo huikamata fosforasi na kuishikilia mmea usiipate. Titonia inasaidia kuilegeza kidogo, lakini haileti ya kutosha. Dalili utaiona kwenye maharagi: majani ya kijani kizito, mazuri kwa macho, na maganda machache. Mwenye shamba huyo anafurahia majani mwezi mzima, halafu anavuna sahani. Ongeza samadi ya kuku, ambayo ina fosforasi nyingi kuliko ya mbuzi. Ongeza mifupa iliyochomwa na kupondwa. Mifupa ya wauza nyama hutupwa bure. Na kama una pesa kidogo ya mbolea ya dukani, usinunue yurea, kwa kuwa nitrojeni unayo tayari uani. Nunua DAP kidogo, konzi mbili kwa tuta, uitie kwenye mstari wa kupandia. Majani kwa nitrojeni na potasiamu, dukani kwa fosforasi: ndivyo hata majaribio ya Kenya yalivyopata mavuno bora, kwa kuchanganya. Jivu la jikoni nalo ni zuri kupunguza uchachu, ila usilitie siku moja na DAP, maana vikikutana nitrojeni ya DAP inageuka hewa na kwenda zake.

Sasa jambo ambalo wasifiaji hulificha. Titonia si kunde. Haichukui nitrojeni kutoka hewani kama maharagi, soya au mlusina. Inachofanya ni kuchota kilichopo chini ya uzio na kukikusanya kwenye jani. Ukikata uzio kila miezi mitatu na kupeleka yote kwenye matuta, ni kutoa franka mfuko wa kushoto na kuziweka wa kulia: mfuko wa kulia unajaa, wa kushoto unapungua. Uzio unaokatwa miaka mingi bila kurudishiwa kitu hudhoofika, na majani yake nayo hupungua nguvu. Dawa yake ni kuupanda pale ambapo rutuba inapotea bure. Chini ya mfereji wa maji machafu ya jikoni. Kando ya zizi la mbuzi. Chini ya choo kilichojaa na kufungwa. Ukingoni mwa mfereji wa mmomonyoko ambako udongo wa juu kutoka kwa jirani unashukia. Hapo titonia inakuokotea mali ambayo ingekwisha mtoni Kimemi.

Kuupanda ni rahisi. Chagua shina lililokomaa, nene kama kidole gumba, kata vipande vya sentimita 30 hivi, zika nusu yake kwa kuinamisha mwanzoni mwa mvua, katika mstari, kati ya kipande na kipande hatua ndogo ya mguu au kidogo zaidi. Angalia usikipande kichwa chini. Ukikata vingi kwa wakati mmoja, vichonge upande wa chini uwe na ncha ili usichanganye. Miezi sita hadi minane baadaye unaweza kukata kwa mara ya kwanza. Kama mvua za Machi zimekupita, za Agosti kuelekea Desemba zinakuja.

Usiupande katikati ya shamba ukidhani unafanya vizuri. Mizizi yake ina tamaa, na mstari wa mahindi ulio jirani nayo utageuka njano. Uache mpakani. Na kwa sababu ni mpakani, ongea na jirani kwanza. Mmea huu unatembea: tawi likianguka linatoa mizizi, na mwaka wa tatu uzio umehama hatua moja upande wake. Kwetu hatua moja ya ardhi imeshafikisha watu mahakamani. Pandeni mbele ya mkuu wa nyumba kumi, wekeni jiwe au mti mwingine wa alama, kubalianeni nani anakata upande gani. Mkishakubaliana, mkate pamoja, kila mtu achukue yake.

Kuna na wale watakaokata kando ya barabara. Hakuna wa kuwakataza, na kwa kweli wanaisafisha. Ila majani ya ukingoni mwa barabara kubwa yana vumbi na moshi wa magari, na chini yake kuna taka za kila aina. Kwa kabichi na lengalenga, afadhali ya uzio wako.

Mbegu ni jambo zito. Mmea mmoja ukiachwa uchanue na kukauka unamwaga mbegu nyingi nyepesi, na mashamba yaliyolazwa hugeuka msitu wa titonia ambao kijana mwenye jembe analia kuung'oa. Afrika Kusini imeuweka katika orodha ya mimea vamizi ambayo sheria inataka idhibitiwe, na haiwezi kupandwa wala kuuzwa huko. Sisi tunao tayari, hatuwezi kuurudisha Meksiko; tunachoweza ni kuukata kabla ya mbegu. Unayeishi karibu na mpaka wa mbuga ya Virunga, tafadhali usiupande kabisa. Ile ni mbuga ya tangu 1925, na ina maadui wa kutosha.

Mbolea ya maji inafaa kwa mwenye miche michache au ndoo za mboga barazani. Jaza pipa au bidoni iliyokatwa juu majani yaliyokatwakatwa hadi robo tatu, ongeza maji, funika, koroga kila baada ya siku mbili tatu. Baada ya wiki mbili maji yatakuwa kahawia na yatanuka vibaya. Nasema vibaya: katika mtaa wa Butembo ambako madirisha yanatazamana, weka pipa hilo mbali au andaa maneno ya kumwambia jirani. Changanya kipimo 1 cha maji hayo na vipimo 3 au 4 vya maji safi, mwagia shinani, jioni, mara moja kwa wiki. Usimwagie majani ya mboga unayokula mbichi.

Kwa wadudu, kuna kazi nzuri iliyofanywa Kaskazini mwa Tanzania na watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, iliyochapishwa 2017. Walijaribu mimea sita ya porini kwenye maharagi ya wakulima, titonia na kishona nguo zikiwamo, pamoja na utupa. Dawa za majani zilipunguza wadudu wanaonyonya na kutafuna maharagi, huku zikiwaacha wengi zaidi wa wadudu marafiki, kama kibibi-bustani na buibui, kuliko dawa ya dukani. Kausha majani kivulini, ponda, loweka kilo 1 ya unga katika lita 10 za maji kwa siku nzima, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ili ishike, nyunyiza jioni, rudia kila wiki na baada ya mvua kubwa. Jaribu kwanza kwenye mimea michache. Ukitarajia wadudu waanguke papo hapo kama kwa sumu ya dukani, utavunjika moyo. Kazi yake ni kuwapunguza na kuwachukiza. Kati ya mimea hiyo sita, kama una utupa uani, tumia utupa kwanza, ila uuweke mbali na mto na bwawa la samaki, maana unaua samaki.

Wafugaji mtaniuliza. Mbuzi hula, kwa shingo upande, hasa majani yakinyauka kidogo kivulini. Huko Kolombia na Kuba wameufanya kuwa malisho kamili. Huku kwetu uchanganye na matete na majani mengine, usizidi theluthi ya mzigo, na umtazame mnyama. Kwa sungura na kobayi anza na kidogo sana. Nyuki wanaupenda mno wakati wa maua, na hapa mfuga nyuki na mlima mboga wanagombana, kwa sababu mmoja anataka ua na mwingine anataka jani. Acheni mita chache zichanue, kisha mzikate kabla mbegu hazijakauka.

Mashina makavu yanafaa kushikilia maharagi ya kupanda kwa msimu mmoja, hayadumu. Yakaushe kabisa. Shina bichi ukilichomeka litaota, na utakuwa na titonia inayoshindana na maharagi badala ya kuyashikilia. Kuni zake ni za kuwashia moto tu.

Imebaki ile ya kuacha. Watu wanachemsha majani haya na kunywa kwa homa. Wanasema ni machungu, kwa hiyo ni dawa. Uchungu huo unatokana na kemikali ambazo mmea unajilinda nazo dhidi ya wanaoula, na moja yake, tagitinini, ni kweli imeonekana maabara ikiua vijidudu vya malaria. Lakini kemikali hiyohiyo inaua pia chembe hai nyingine, na panya walionyweshwa dawa ya majani hayo walionekana na madhara kwenye ini na figo. Kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru hakuna anayejua mpaka uko wapi, wala sufuria ya jikoni haina alama ya kipimo. Hata artemisia, ndugu yake wa ukoo huohuo, ambayo dawa halisi ya malaria inatengenezwa kutoka kwayo, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kuitumia kama chai au unga wa majani. Sembuse titonia.

Na kwetu kuna sababu ya pili, nzito kuliko ya kwanza. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Mangina, ukaenea Beni na Butembo, na mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umechukua watu 2,287. Unaanza kwa homa, maumivu ya mwili na uchovu, sawasawa na malaria. Wengi walikaa nyumbani siku tatu nne wakinywa majani na kungoja, na siku hizo ndizo zilizoambukiza mama, dada na waliokuja kuwasalimu. Mwishoni mwa 2018 ilibidi dawa za malaria zigawiwe Beni nyumba kwa nyumba, kwa sehemu ili homa za malaria zipungue na za Ebola zijulikane upesi.

Kwa hiyo majani ya titonia yapeleke kwenye tuta la kabichi. Mtoto mwenye homa mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, apimwe.